Mafunzo ya ulezi si semina ya siku moja

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu vijana watatu kati ya wanne walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Waliotajwa zaidi kuwafanyia hivyo ni ndugu na walimu. Ndiyo sababu tunazihimiza kamati za parokia kuanzisha mafunzo ya ulezi, na ndiyo sababu hatupendekezi semina moja baada ya ibada.

Mzazi anajua kwamba kumuumiza mtoto ni vibaya. Asichojua ni afanye nini jioni, amechoka, na mtoto amepoteza pesa ya unga. Hilo hujifunzwa kwa kujaribu, si kwa kuhubiriwa.

Programu ya Sinovuyo Teen ya Afrika Kusini ilifuata njia hiyo. Mzazi au mlezi alikuja na kijana wake kwa wiki 14. Walianza kwa kutenga muda wa kukaa pamoja na kusifiana. Nidhamu ilikuja baadaye. Waliigiza ugomvi wa nyumbani, wakapewa zoezi la wiki, kisha wakarudi kueleza lilivyokwenda. Walijifunza pia kupanga bajeti na kuweka akiba, kwani ukata huchochea hasira. Walikula pamoja, na aliyekosa kipindi alifuatwa nyumbani.

Programu hiyo ilipimwa katika jimbo la Eastern Cape kwa familia 552 kutoka maeneo 40. Miezi mitano hadi tisa baada ya mafunzo, walezi walieleza kuwa viboko na unyanyasaji vimepungua, na msongo wa mawazo pia. Tuseme ukweli kwa wafadhili wetu: tatizo la kutelekeza watoto halikupungua, wala utundu wa vijana wenyewe. Yaani wazazi walipunguza fimbo ingawa watoto hawakugeuka malaika! Kwetu hayo si mafanikio madogo.

Hapa Tanzania programu hiyo ilitolewa kwa jina la Furaha Teens, chini ya mradi wa Kizazi Kipya.

Bajeti inapobana, kamati hukimbilia kufuta chakula na nauli ya mwezeshaji anayetembelea nyumba. Tunaomba msifanye hivyo, kwa sababu anayekosa vipindi mara nyingi ndiye mwenye shida kubwa zaidi nyumbani. Afadhali mpunguze idadi ya familia, mkaanza na kumi tu, lakini wiki zote 14 zikamilike.