Daktari Hufundwa Kando ya Kitanda

Wengi wetu katika Visiwa hivi tulianza kusoma tukiwa tumekaa juu ya mkeka, msahafu mbele yetu na mwalimu pembeni. Tunakumbuka vyema kwamba hakuna aliyeruhusiwa kuvuka sura kwa kuwa ameitazama tu. Ilimbidi aisome kwa sauti huku mwalimu akimsikiliza, na ulimi ulipoteleza arudishwe papo hapo. Leo tunapenda kuzungumzia elimu nyingine isiyopatikana ila kwa kusikilizwa, nayo ni ile ya wanafunzi wa udaktari wanapotoka darasani na kuingia wodini.

Shahada ya udaktari nchini mwetu huchukua miaka 5, ukifuatiwa na mwaka 1 wa utarajali. Katika miaka ya mwanzo mwanafunzi hujifunza maumbile ya mwili, vimelea na dawa. Kisha hukabidhiwa wagonjwa, akapita kwa zamu katika magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi na maradhi ya akili. Hapo kazi yake hubadilika. Hukaa kando ya kitanda akauliza maumivu yalianza lini, yalianzia wapi, na mgonjwa ametumia dawa gani kabla ya kufika. Hutazama, hupapasa, hugonga kwa vidole, husikiliza kifua. Huandika yote katika jalada, akataja maradhi anayoyadhani, sababu za dhana yake na vipimo vya kuithibitisha. Asubuhi daktari mkuu anapopita wodini, mwanafunzi husimama akaeleza habari za mgonjwa wake mbele ya wenzake, akahojiwa na kusahihishwa.

Utaratibu huu si wa jana. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, tabibu mkubwa Abu Bakr al-Razi, aliyefanya kazi Rey na Baghdad, alikuwa akikaa huku wanafunzi wamemzunguka safu kwa safu. Mgonjwa alianza kwa wanafunzi wa safu ya nje. Waliposhindwa alipelekwa kwa waliowazidi elimu, na wote waliposhindwa ndipo al-Razi mwenyewe alipoamua. Katika miaka ya 1890 daktari William Osler, mzaliwa wa Kanada, aliuimarisha mtindo huo katika hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani, akawatoa wanafunzi kwenye viti vya ukumbi wa mihadhara na kuwapa wagonjwa wa kuwaangalia siku hadi siku. Hapa kwetu, shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, na mwaka 1976 Kitivo cha Tiba na hospitali ya Muhimbili viliunganishwa kuwa kituo kimoja. Kwa upande wa Zanzibar, mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 2007 kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Matanzas cha Kuba, na wahitimu wa mwanzo walipatikana mwaka 2013. Hayo ni mafanikio ambayo hakuna mwenye insafu atakayeyakana.

Swali tunalouliza ni hili: je, kitanda anachofundiwa kijana huyo ni kitanda gani, na aliyelala juu yake ametoka wapi?

Tumfikirie mama mjamzito wa Nambilanje. Hiyo ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, katika nchi iliyokuwa sehemu ya Nachingwea kabla ya Ruangwa kuwa wilaya katika miaka ya 1990. Ni nchi ya ufuta, korosho na mbaazi. Mama huyu anaumwa kichwa, uso na miguu imevimba, macho yanaona ukungu. Hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba kinachobisha hodi. Njia yake ya tiba ni ndefu: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya Sokoine mjini Lindi, hospitali ya kanda huko Mtwara, na mwisho kabisa Muhimbili. Mwanafunzi anayesomea Muhimbili peke yake atamwona mama huyu, kama atamwona, akiwa amekwisha kushikwa na degedege, au figo zimekwisha kushindwa kazi. Atajifunza mwisho wa maradhi, wala hatajifunza mwanzo wake. Na maradhi haya huokolewa mwanzoni, kwa kipimo cha shinikizo la damu na cha mkojo, na kwa jicho la mtu aliyepata kuona uso uliovimba akajua maana yake.

Iko pia habari ya lugha. Wenyeji wengi wa Ruangwa ni Wamwera. Bibi aliyezoea Kimwera ataeleza maumivu yake kwa namna ambayo haimo katika kitabu chochote cha tiba. Kijana asiyewahi kumsikiliza mtu wa namna hiyo ataandika haraka haraka kwamba mgonjwa hajielezi, kumbe asiyejua kuuliza ni yeye.

Nchi hiyo hiyo imekwisha kuona hasara ya tiba iliyoandikwa kabla ya mgonjwa kusikilizwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, na reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara. Lakini udongo haukupimwa ipasavyo, mvua hazikuchunguzwa, na wakulima waliozaliwa pale hawakuulizwa. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Reli nayo iling'olewa baadaye. Daktari anayeandika dawa bila ya kuuliza hana tofauti na waliopanga karanga zile.

Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akauliza: Nambilanje inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Tangu mwaka 2003, kwa dawa mseto, vyandarua na upuliziaji wa majumba, Zanzibar imeipunguza malaria mno, hata kwa miaka mingi maambukizi yamekuwa chini ya asilimia 1 ya watu. Ni neema kubwa. Lakini neema hiyo ina deni lake: mwanafunzi aliyesomea wodi za Unguja peke yake anaweza kuhitimu bila ya kumpokea mtoto aliyezimia kwa malaria kali. Malaria ikirejea, kwa kuwa bahari haijapata kuwa ukuta, ni nani atakayeitambua usiku wa manane? Katika Mkoa wa Lindi malaria ingali maradhi ya kila siku, na matende na mabusha yanafahamika huko vizuri. Kinyume chake, kijana wa Bara akifika Pemba atajifunza kichocho, na atajifunza pia jinsi jamii nzima ilivyoipunguza malaria. Kila upande una la kumfundisha mwenzake.

Tunafahamu kwamba vyuo hupeleka wanafunzi wilayani kwa majuma machache ya afya ya jamii. Tunaloomba ni zaidi ya hayo: sehemu ya mafunzo yenyewe ya wodini ifanyike katika hospitali za wilaya, mwanafunzi akikabidhiwa wagonjwa na kusikilizwa kila asubuhi. Wakuu wa Serikali wanajua kwamba elimu ya juu ni jambo la Muungano, na afya si la Muungano. Kwa hiyo wodi ziko chini ya wizara mbili na vyuo viko chini ya sheria za Muungano. Bila ya pande zote kukaa meza moja na kuandikiana, kijana wa Unguja hatafika Ruangwa ila kwa hisani ya mtu.

Tutaambiwa kwamba hospitali za wilaya hazina madaktari wa kutosha wa kuwatibu wagonjwa, seuze wa kufundisha. Hoja hii ni ya kweli na haifai kubezwa. Kijana akipelekwa mahali pasipo na wa kumsimamia, atageuzwa mtumishi wa bure: atatumwa kubeba sampuli na kujaza fomu, au, lililo baya zaidi, ataachiwa mgonjwa peke yake. Ndiyo maana tunasema waanze wachache, mahali palipo na msimamizi aliyetajwa kwa jina, ambaye kufundisha kumehesabiwa kuwa ni kazi yake na kulipwa kama kazi. Tena tusiwadharau tabibu mzoefu na mkunga aliyezalisha kwa miaka 20. Hao nao ni walimu. Nyumba ya kulala na nauli visiachiwe mfuko wa mzazi, maana tukifanya hivyo tutawapeleka watoto wa wenye nacho peke yao.

Mgonjwa naye ana haki zake. Maskini hakuzaliwa ili awe ubao wa kujifunzia. Aambiwe kwamba aliye mbele yake ni mwanafunzi, aombwe ruhusa, asitiriwe kwa pazia, na akikataa asinyimwe tiba. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu wa koti jeupe atastahili kukaribishwa iwapo kufika kwake kutaongeza macho na masikio wodini, si kuongeza msongamano.

Jambo la mwisho ni daftari la mwanafunzi, lile linalotiwa saini kwa kila kazi aliyoifanya. Saini isiwe hisani. Mwalimu wetu wa chuo hakumvusha mtoto juzuu ambayo hakumsikiliza akiisoma, hata kama mtoto huyo alikuwa wa jirani yake. Nasi tusimkabidhi kijana roho ya mama wa Nambilanje, wala ya mama wa Makunduchi, kabla hajasikilizwa.