Baiskeli katika msitu wa Kaptagat: pima presha kabla ya kupanda kilima

Alfajiri ya Jumamosi, kwenye barabara itokayo Eldoret kwenda Kaptagat, msafiri hukutana na makundi mawili ya watu watokwao jasho. Kundi la kwanza ni la wanariadha, ambao hakuna asiyewajua. La pili ni la waendeshao baiskeli: mwalimu, karani, mwenye duka, aghalabu mtu wa makamo aliyeanza kuona kitambi. Mmoja ana baiskeli ya kisasa yenye giya nyingi na tairi pana, mwingine amepanda Black Mamba aliyoachiwa na babake.

Makala haya yanalihusu kundi hilo la pili.

Zamani mtu wa Eldoret hakuhitaji kuhimizwa kupanda baiskeli. Boda boda ya kwanza, ile iliyoanzia mpakani Busia, ilikuwa baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma, na vijana walibeba abiria kutwa nzima bila kujua kwamba wanafanya mazoezi. Mwaka 2008 kodi ya pikipiki ndogo iliondolewa, na kutoka hapo injini ikachukua kazi ya miguu. Siku hizi mtu hupanda pikipiki hata kwenda sokoni mwendo wa dakika kumi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Safari moja ya asubuhi msituni inaweza kutimiza hesabu hiyo, ingawa ni bora mtu azigawe kwa siku kadhaa kuliko kukaa siku sita kisha kujitesa siku ya saba.

Baiskeli ina jambo moja ambalo mbio hazina. Mkimbiaji, kila anapotua mguu, hupokea kishindo kinachozidi uzito wake mara mbili au zaidi, na kishindo hicho hupita kwenye kifundo, goti na nyonga. Mwendesha baiskeli ameketi, na uzito wake umebebwa na kiti. Ndiyo maana mkimbiaji aliyeumia mfupa wa muundi huweza kupewa baiskeli ili moyo na mapafu yasilale wakati mguu unapona. Kwa mtu mnene ambaye magoti yamemchosha, hapa ndipo pa kuanzia.

Na njia zenyewe zinavutia. Ukifika Kaptagat unaacha lami na kuingia barabara za vumbi zinazopita katikati ya misonobari na miti ya asili, zile ambazo Eliud Kipchoge na wenzake wamezikimbilia kwa miaka mingi. Ukiendelea mashariki hadi upande wa Nyaru, msitu unafunguka ghafla nawe unajikuta ukingoni mwa bonde la Kerio. Ng'ambo kunasimama vilima vya Tugen. Chini kabisa, zaidi ya mita 1,000 kutoka uliposimama, ndiko liliko Ziwa Kamnarok na hifadhi ya ndovu ya Rimoi. Mtu akae hapo robo saa ale ndizi yake. Mwandishi huyu haoni haja ya kuthibitisha kwa takwimu kwamba jambo hilo linaburudisha akili.

Lakini uzuri huo una gharama yake, nayo ni hewa.

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kaptagat ni kama mita 2,400, na ukingo wa bonde upande wa Nyaru unapita mita 2,500. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua. Kwenye urefu wa Kaptagat, kila pumzi huleta takriban robo tatu tu ya oksijeni ambayo mtu wa Mombasa huipata kwa pumzi moja. Mwili hujaribu kufidia: pumzi huenda haraka, moyo hupiga kwa kasi, na mafigo hutoa homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi za damu. Kazi hiyo ya mwisho huchukua majuma kadhaa. Kwa hiyo shemeji aliyewasili jana kutoka pwani asivutwe hadi Nyaru leo, hata kama kwao ni bingwa.

Wenyeji nao wasijivune. Mwili uliozoea hewa nyepesi bado hupata oksijeni kidogo kuliko ulioko pwani, na moyo wenye mishipa iliyoziba haujali umezaliwa wapi. Barabara ya Kaptagat ni ya hila kwa sababu haionyeshi kilima. Inapanda polepole, mita 300 hivi kwa safari nzima, na mtu hudhani ni uvivu wake unaomchelewesha. Basi anakaza, uso unakuwa mwekundu, na hapo moyo unatakiwa kufanya kazi ambayo haujaifanya kwa miaka 15.

Hiyo ndiyo sababu ya ushauri wetu wa kwanza: pima shinikizo la damu kabla ya kununua baiskeli. Maradhi haya hayaumi wala hayawashi, na wengi huyajua siku ya kuanguka. Kipimo ni cha dakika chache katika zahanati yoyote. Kikizidi 140 juu au 90 chini, na kikarudia hivyo siku nyingine, muone daktari. Mara nyingi atakuruhusu uendeshe taratibu, kwani mazoezi yenyewe husaidia kukishusha. Kikifika 180 juu au 110 chini, baiskeli ingoje hadi dawa zifanye kazi. Mwenye kisukari atumiaye insulini abebe glukosi au peremende mfukoni, na mwenye ugonjwa wa selimundu asipande kwenye miinuko hii bila kuzungumza na daktari wake.

Ukiwa njiani, kipimo rahisi ni mdomo wako. Ikiwa unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba, mwendo ni mzuri. Ikiwa huwezi kumaliza sentensi, punguza. Shuka usukume baiskeli; hakuna aibu, hata mabingwa hushuka. Maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi au tayani, kizunguzungu, au kuhema kusikotulia hata baada ya kupumzika si uchovu. Simama pale pale, tafuta gari, nenda hospitali.

Malalamiko mengi tunayoyasikia, hata hivyo, si ya moyo bali ya goti, na dawa yake iko kwa fundi wa baiskeli. Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjwa kupita kiasi kila unapokanyaga, na kifuniko chake hugandamizwa juu ya mfupa wa paja mara elfu kadhaa kwa safari moja. Pedali ikiwa chini kabisa, mguu uwe karibu kunyooka, goti likiwa limepinda kidogo tu. Wengi hukishusha kiti ili miguu yote miwili iguse ardhi wanaposimama. Hiyo ni raha ya kusimama, na mateso ya kuendesha.

Kuna pia ganzi. Barabara ya changarawe hutikisa usukani, na mshipa wa fahamu upitao kwenye kiganja husongwa hadi kidole cha mwisho na cha pembeni yake vikafa ganzi. Badilisha mahali pa kushika, legeza viwiko, na usijaze tairi upepo hadi liwe kama jiwe. Wanaume wengine hupata ganzi sehemu za siri na kuingiwa na hofu ambayo huona haya kuieleza. Sababu ni kiti kugandamiza mishipa iliyo kati ya mapaja. Hakikisha pua ya kiti haikuinuka, na kila baada ya dakika kumi simama juu ya pedali kwa muda mfupi. Ganzi isipoondoka baada ya kushuka, muone daktari bila haya.

Kutelemka ndiko kunakovunja watu. Changarawe ni kama punje za mahindi sakafuni: gurudumu la mbele likifungwa na breki, linateleza. Punguza mwendo kabla ya kona wala si ndani yake, tumia breki zote mbili kwa upole, na urudishe makalio nyuma. Breki za Black Mamba hushika vibaya sana rimu zikilowa. Na yeyote asidanganywe na ile barabara ishukayo kutoka Nyaru kwenda Kimwarer, kwenye machimbo ya zamani ya fluorspar. Kushuka ni rahisi. Kurudi juu, katika joto la bonde, ni mwinuko wa kilomita kama 20 ambao wanariadha huutumia kujipima nguvu.

Hata wajuzi huanguka. Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani na mmoja wa waendeshaji hodari waliowahi kutoka Kenya, alifariki Agosti 27, 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya barabara za changarawe katika jimbo la Vermont, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 33. Helmeti haizuii kila kifo, lakini anayeiacha nyumbani kwa sababu ya joto amefanya biashara mbaya.

Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukiwa na sweta na maji lita moja na nusu. Hewa ya baridi hukausha jasho kabla hujaliona, hivyo kunywa kabla kiu haijakushika. Jua la huku pia ni kali kuliko linavyohisiwa, na watu wenye ulemavu wa ngozi wavae mikono mirefu na kujipaka mafuta ya kukinga miale. Majira ya mvua, radi na mvua ya mawe hupenda kuja alasiri. Saa saba iwe imekukuta ukiwa Eldoret. Mteremko utakusaidia.

Ukichubuka, osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni hadi mchanga wote utoke, na uulize zahanati kuhusu chanjo ya pepopunda. Aliyegonga kichwa asiachwe peke yake siku hiyo. Akitapika, akisinzia ovyo, akirudia swali lile lile au kichwa kikizidi kumuuma, apelekwe mara moja Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, hata kama anasisitiza kwamba hajambo.