Upepo wa Tairi Hupimwa Asubuhi

Kiasi sahihi cha upepo wa tairi huamuliwa na kiwanda kilichounda gari. Kimeandikwa kwenye kibandiko kidogo kinachoonekana mlango wa dereva ukifunguliwa, kwenye nguzo ambayo mlango hujifungia. Katika magari mengine kibandiko hukaa nyuma ya kifuniko cha tangi la mafuta, na kitabu cha gari nacho hutaja kipimo hichohicho. Magari mengi yanayopita Kondele na Mamboleo, mjini Kisumu, yalitumika kwanza Japani, kwa hiyo kibandiko chake kina maandishi ya Kijapani, na wenye magari wengi hukiacha kama pambo la kigeni. Ni hasara, maana kinachotakiwa pale ni tarakimu tu.

Kwanza hutafutwa saizi ya tairi, kwa mfano 185/65R15, ambayo lazima ifanane na ile iliyochorwa ubavuni mwa tairi lililofungwa. Kando yake huwa kuna namba kama 220 au 230 yenye alama ya kPa. Geji za vituo vya mafuta Kisumu husomwa kwa PSI, na njia ya haraka ya kubadilisha ni kugawanya kPa kwa 7: 230 inakaribia 33. Kibandiko kikionyesha pia namba ndogo kama 2.3, hicho ni kipimo kilekile kwa kilo katika kila sentimita mraba. Ikiwa mbele na nyuma zinatofautiana na Kijapani hakisomeki, programu ya simu inayotafsiri picha huonyesha ipi ni ya wapi.

Namba inayopotosha watu ni ile iliyo ubavuni mwa tairi lenyewe, mara nyingi 44 au 51. Huo ndio upeo ambao tairi halipaswi kuvuka, na kiwanda cha tairi hakijui litafungwa kwenye gari gani. Tairi likijazwa mpaka hapo hutuna katikati, likagusa lami kwa ukanda mwembamba. Breki hupungua nguvu, kashata huisha katikati, na kila shimo la barabara hupigwa kwa nguvu zote. Lenye upepo haba huliwa kingo zote mbili. Baya zaidi, mbavu zake hukunjika na kunyooka kila linapozunguka, na mkunjo huo huzaa joto. Katika safari ndefu ya kasi, joto hilo hulegeza tabaka za ndani mpaka tairi linapasuka.

Kipimo cha kibandiko ni cha tairi baridi, yaani gari lililosimama kwa saa tatu au zaidi, au lililotembea umbali mfupi tu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Gari likitoka Kisumu mpaka Busia na kupimwa palepale, geji inaweza kuonyesha PSI 4 au 5 zaidi kwa sababu ya joto la mwendo. Fundi akipunguza upepo mpaka 33, kesho yake alfajiri tairi litakuwa na 28 au 29. Upepo wa tairi lililopata joto haupunguzwi.

Hata gari lililosimama haliko salama na jua. Hewa ikipanda joto kwa nyuzi 5 au 6, geji hupanda kwa takriban PSI 1. Kisumu usiku hushuka karibu na nyuzi 18, na alasiri hufika 30. Gari likiegeshwa ubavu mmoja ukiwa juani, matairi ya upande huo yatasomeka juu kuliko ya kivulini ingawa hayana tofauti yoyote. Ndiyo sababu geji ya mkononi, inayowekwa ndani ya gari, ina faida kuliko kompresa ya kituoni: inatumika nyumbani, kabla ya jua. Kofia ya valvu hufunguliwa, geji husukumwa wima kwa mkupuo mmoja, na sauti ya upepo unaotoka inapaswa kukatika mara moja. Ikiendelea, geji haijakaa sawa na namba yake si ya kuaminika.

Swali la mwinuko huulizwa sana na madereva wa kanda hii, na jibu lake linapendeza. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Kericho iko juu zaidi ya mita 2,000. Geji hupima tofauti kati ya hewa ya ndani ya tairi na ya nje. Kadiri gari linavyopanda, hewa ya nje huwa nyepesi, hivyo namba ya geji hupanda; kutoka Kisumu mpaka Kericho ni karibu PSI 1 na nusu. Lakini baridi ya Kericho huishusha kwa kiasi kinachokaribia hicho, na tairi likishapoa mambo hayo mawili hukaribia kubatilishana. Msafiri wa njia hiyo hana haja ya kugusa valvu. Gari lililojazwa Mombasa na kuja kukaa Kisumu ndilo la kupimwa upya, kwa kuwa mwinuko peke yake huongeza karibu PSI 2.

Mzigo ni jambo zito zaidi. Gari la Probox linalotoka Mbita na magunia ya omena huweka karibu uzito wote wa mzigo kwenye matairi ya nyuma. Vibandiko vingi vya magari ya mizigo hutaja kipimo cha juu zaidi cha nyuma kwa ajili ya hali hiyo, nacho hufuatwa kabla ya kupakia. Upepo hauongezi uwezo wa tairi kupita ule lililoundiwa, kwa hiyo gunia la ziada halilipiwi kwa kujaza zaidi.

Mvua nayo ina hesabu yake. Miaka ya 1960 wahandisi wa NASA, wakichunguza matairi ya ndege kwenye njia zenye maji, waliona kwamba kasi ya tairi kuanza kuelea hufuata upepo wake. Kwa kanuni yao, tairi la PSI 32 huelea karibu na kilomita 94 kwa saa, na la PSI 20 karibu na 75. Matairi ya gari hutofautiana kwa kashata, lakini mwelekeo ni uleule. Katika tambarare ya Kano, ambako maji hutuama barabarani kuelekea Ahero wakati wa masika, tofauti hiyo ni ya uhai.

Tairi zima, lisilo na pancha, hupoteza PSI 1 au 2 kila mwezi bila kosa la mtu. Kwa hiyo kupima mara moja kwa mwezi kunatosha, na tena kabla ya safari ndefu. Tairi la akiba lipimwe pia siku hiyohiyo, kwa kuwa huvuja sawa na yale manne na hakuna anayeliona likilegea.