Fahamu: Oili iliyosafishwa upya, uitie kwenye gari?

Rumonge, Burundi, ni mji wa mawese, lakini mafuta tunayoyasema hapa ni ya injini: oili iliyokwisha kutumika, ikasafishwa, ikarudi dukani.

Oili huchafuka, na dawa zake za kulinda chuma huisha. Kiwandani huondolewa maji na petroli, ikachemshwa katika ombwe, kisha ikatiwa dawa mpya. Ikifikia daraja la API (alama ya ubora wa oili) na mnato unaotakiwa na kitabu cha gari, itie bila wasiwasi.

Ya kuchujwa kwa kitambaa ni kitu kingine. Hata iking'aa kama asali, asidi imo. Iache, hata bei ikikubembeleza.

Na ile chafu usiimwage mtaroni. Mvua huipeleka Ziwa Tanganyika, kwa samaki wake, mikeke na ndagala, na maji ya ziwa hilo hukaa mamia ya miaka kabla ya kubadilika.