Akisahau Rakaa, Usimwite Mzembe



Mkeo ametia chumvi mara mbili kwenye mchuzi mmoja. Ulimwachia fedha ya ada ya mtoto, hakumbuki ameiweka wapi. Katika swala ya Isha hajui yuko rakaa ya pili au ya tatu. Wewe unasema ni uzembe, majirani wanasema imani imepungua. Je, umemuuliza analala vipi, na moyo wake ukoje?

Wengi tunaitambua sonona kwa huzuni na kujitenga. Tunachosahau ni kwamba maradhi haya hugusa pia kumbukumbu na utulivu wa fikra. Mgonjwa husoma ukurasa mara tatu asiambulie kitu, huchelewa kujibu, na kupanga kazi za siku humshinda. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye maradhi ya hisia kupanda na kushuka, ambaye huchangamka kupita kiasi, kisha akazama katika huzuni.

Tena wapo ambao huzuni huondoka lakini usahaulifu hubaki kwa muda mrefu. Hapo ndipo tunapowaumiza kwa kuwaambia, "Si umeshapona wewe?"

Mpeleke kituo cha afya. Tabibu atachunguza na mengine, kwani upungufu wa damu, hitilafu ya tezi ya shingoni na VVU navyo huweza kuleta hali hiyo. Hata dawa, kama amitriptilini, huweza kuleta usingizi na kuzidisha usahaulifu. Mwelezeni tabibu, ila msikatishe dawa wenyewe. Akitamka habari za kujidhuru, asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyo hiyo.

Nyumbani, mpeni jambo moja kwa wakati mmoja. Aandike shughuli zake kwenye daftari. Dawa ziwekwe mahali pamoja, na zifungamanishwe na swala ili asisahau. Apate usingizi wa kutosha, na atembee kidogo kila siku.

Ama rakaa, dini imeshatuwekea wepesi. Mwenye shaka hujenga juu ya yakini, yaani idadi ndogo, akakamilisha swala yake, kisha akasujudu sijda mbili za kusahau. Ikiwa sheria haikumfukuza msikitini aliyesahau, sisi tunamkaripia jikoni kwa lipi?

Allah awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.