Tusiwalishe Ndege Kilichoharibika

Imekuwa desturi katika nyumba nyingi za mwambao na Visiwani kwamba mahindi yaliyoota ukungu, karanga zilizovunda na wali uliochacha havitupwi jaani, bali humwagwa uani wapate ndege. Mwenye kufanya hivyo huona ameokoa chakula kisipotee bure na ametenda wema kwa kiumbe asiye na shamba. Nia yake ni njema. Hata hivyo kitendo chenyewe kina madhara, na tumeona yafaa kulieleza jambo hili kwa kuwa linawagusa ndege, kuku na hatimaye watu.

Tuchukue mfano wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Bustani ya mimea iliyoanzishwa huko na Wajerumani mwaka 1902 inajulikana ulimwenguni, na tangu mwaka 1997 msitu unaoizunguka ni hifadhi ya mazingira asilia. Yuko huko ndege mdogo mwenye mdomo mrefu aliyepewa jina la Reginald Moreau, mtaalamu aliyekuja kufanya kazi Amani mwaka 1928. Ndege huyo hapatikani popote duniani ila Usambara Mashariki na sehemu moja ya kaskazini ya Msumbiji. Yuko pia chozi anayeitwa kwa jina la Amani yenyewe. Basi bustani za watu wanaoishi kando ya msitu kama huo si jambo la kupuuzwa.

Lakini Amani ni mahali pa unyevu mwingi. Nafaka isiyokauka vema haikai muda mrefu bila kuota ukungu, na hali ni hiyo hiyo Unguja na Pemba nyakati za masika. Ukungu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kuchemshwa au kukaangwa. Ilitambuliwa baada ya msiba wa ndege. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza, na uchunguzi ukaonyesha kwamba walilishwa mashudu ya karanga zilizoota ukungu. Kwa binadamu, mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ukatufika sisi wenyewe, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kwa hiyo punje isiyomfaa mtu haimfai ndege. Ikiwa sumu hii humwangusha mtu mzima, tusitarajie kwamba shore au tetere atanusurika. Tena kinachomwagwa uani huliwa pia na kuku wetu, na ng'ombe akilishwa punje hizo, sumu hupita hadi katika maziwa anayopewa mtoto.

Njia ya kujikinga si ngeni. Ndugu zetu wa Pemba wanajua kwamba karafuu ikilundikwa mbichi huvunda ikawa mpeta, na bei yake huanguka. Nafaka nayo ndivyo ilivyo. Ianikwe juu ya mkeka au turubai, isianikwe juu ya udongo mtupu. Unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13. Asiye na kipimo achukue chupa kavu, atie punje kidogo pamoja na chumvi kavu, aitikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi hayajakauka. Zilizovunjika na zilizobadilika rangi zichambuliwe, kwani samaki mmoja akioza, wote wameoza. Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, au nafaka itiwe katika mifuko isiyopitisha hewa. Kilichokwisha haribika kifukiwe mahali ambapo kuku hawafukui.

Anayependa kuwapa ndege chakula na awape kidogo, kile kitakachokwisha siku ile ile. Chombo cha maji kisuguliwe na maji yabadilishwe kila siku, maana magonjwa huenea upesi pale ndege wengi wanapokutanika kwenye chombo kichafu. Masalio yasilale uani. Tukiyaacha tunamkaribisha kunguru wa Kihindi, na habari zake Wazanzibari hawahitaji kusimuliwa. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji. Badala yake ameenea mwambao mzima, naye hula mayai na makinda ya ndege wenzake. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao wapatao milioni moja. Palipo na jaa lisilozolewa, kunguru huyo hakosekani.

Lililo bora kuliko kumwaga punje ni kupanda. Mkuyu mmoja hulisha ndege wengi bila gharama ya ghala, na maua humpa chozi asali yake. Hapo nako pana tahadhari. Mti uitwao na wataalamu Maesopsis uliletwa Amani kutoka nje, hondohondo wakayapenda matunda yake, wakazisambaza mbegu hadi ndani ya msitu, hasa pale palipokatwa magogo. Leo umekuwa mzigo kwa miti ya asili. Ndege hachagui mti wa kupanda. Mwenye kuchagua ni sisi.

Tunawageukia sasa viongozi. Maofisa ugani wa Muheza, Tanga na Visiwani wafundishe kipimo cha chumvi vijijini kabla ya mavuno, si baada ya ghala kuvunda. Halmashauri na mabaraza ya miji yazoe taka za masoko kila siku. Nafaka iliyokataliwa na wakaguzi iteketezwe mbele ya mashahidi, isirudi kwa mlango wa nyuma ikauzwa kama chakula cha kuku. Na wananchi wanaopakana na msitu wa Amani wasaidiwe kupata miche ya miti ya asili ya kupanda katika bustani zao.

Hakuna katika haya lihitajilo fedha nyingi. Yanahitaji jua, chaga, fagio na uangalifu. Nyumba itakayohifadhi vema chakula cha ndege itakuwa imehifadhi vema chakula chake yenyewe, kwa maana vyote viwili hutoka katika gunia moja.