Bustani ya Watawa wa Zamani

Katika mji wa Sankt Gallen, nchi ya Uswisi, imehifadhiwa ramani ya zamani sana. Imechorwa juu ya vipande vitano vya ngozi vilivyoshonwa pamoja. Watawa wa kisiwa cha Reichenau waliichora yapata mwaka 820 au 830, wakampelekea Abati Gozbert wa Sankt Gallen. Inaonyesha monasteri nzima: kanisa, nyumba za kulala, jiko, mazizi ya wanyama. Na bustani ni tatu.

Ya kwanza ni ya mboga. Ina matuta 18, na juu ya kila tuta limeandikwa jina la mmea wake: vitunguu, vitunguu saumu, saladi, kabichi na mengine. Kando yake ni nyumba ya mtunza bustani, yenye mahali pa kuweka majembe na mbegu. Nyumba ya kuku iko karibu. Aliyewahi kulima anajua faida yake!

Ya pili ni ya miti ya matunda, nayo ni makaburi pia. Watawa waliokufa walipewa nafasi kati ya mitofaa na mitini.

Ya tatu ni ndogo, lakini ndiyo iliyotaka uangalifu kupita zote. Ni bustani ya dawa, nayo iko mlangoni pa nyumba ya mganga, karibu na wagonjwa. Ina matuta 16: nanaa, shamari, waridi, uwatu, ruta na mengine. Tuta moja, mmea mmoja. Kwa nini? Ruta kidogo ilihesabiwa kuwa dawa, lakini ikizidi ni sumu. Mtu akichuma jani kwa kukosea, mgonjwa anaumia. Kwa hiyo mpango wa matuta haukuwa wa kupendeza macho tu.

Basi, tuta lilitengenezwaje? Mtawa mmoja ametuachia habari. Jina lake Walahfrid, Abati wa Reichenau, aliyekufa mwaka 849. Alitunga shairi refu la Kilatini juu ya bustani yake mwenyewe. Anasema kwamba wakati wa baridi ulipokwisha, alikuta kiwanja mbele ya mlango wake kimejaa majani yenye kuwasha, na mizizi yake imesukana chini kama kikapu. Hakuyafyeka juu juu. Aliichimbua mizizi yote, akaponda udongo, akainua matuta, akayazungushia mbao ili mvua isichukue udongo. Kisha akatia samadi.

Mvua ilipokosa kunyesha, alibeba maji mwenyewe. Lakini hakuyamwaga kwa nguvu, maana maji mengi kwa mara moja hufukua mbegu. Aliyatia kiganjani, akayadondosha polepole. Abati mzima, mkuu wa monasteri, mikono yake ina tope!

Leo pale Reichenau, karibu na kanisa kubwa, iko bustani iliyopandwa kwa kufuata shairi hilo. Kazi yake haijapungua. Nanaa, kwa mfano, ni mmea mtundu: mizizi yake hutambaa chini kwa chini mpaka tuta la jirani. Mtunzaji asipoikata mapema, baada ya muda mfupi hataweza kujua tena tuta la nanaa linakoma wapi.